Jiko Lililopanda Mlima

Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo kila mnyama alikuwa na nyumba yake, jiko lake na jirani wa kumwomba chumvi, Kifaru aliishi chini ya Mlima Mawemawe. Sogeeni karibu, wanangu, msikanyagane. Hadithi hii ina chakula ndani yake na kila mtu atapata.

Kifaru huyo alikuwa na nguvu kuliko majirani wote. Mti ukianguka njiani, watu walipiga kelele, "Kifaru!" Kiboko akinasa kwenye tope, "Kifaru!" Naye alikuja, puu! puu! puu! Alisukuma, akainua, kisha akarudi nyumbani kwake bila kudai kitu.

Mwaka mmoja mvua kubwa iliporomosha jiwe likaziba pango la Pimbi. Watoto wa Pimbi walikuwa ndani, wanalia gizani. Nyani akasukuma, akashindwa. Nyati akasukuma, akashindwa. Kifaru akaingiza pembe chini ya jiwe, akasema, "Hmmmf!" Jiwe likabingirika mpaka mtoni, chubwi! Watoto wakatoka wamejaa vumbi, lakini wazima.

Pimbi mnamjua. Mdogo, wa mviringo, mkia hana, ila maneno anayo. Siku ile hata maneno yalimwisha. Alisimama mbele ya Kifaru machozi yakimtoka, akasema tu, "Ahsante, shemeji. Ahsante." Alimwita shemeji kwa sababu yeye na Bi Kifaru walichota maji pamoja tangu usichana wao.

"Ahsante ya nini?" Kifaru akajibu. "Jiwe lenyewe lilikuwa dogo."

Basi Kifaru alikuwa na macho mabovu na pua hodari. Macho yalikuwa mabovu hasa. Aliweza kuuamkia mti, "Habari za asubuhi, Twiga?" na akakasirika usipoitikia. Lakini pua yake ilijua nani amepika nini, na kitunguu kimeungua nyumba gani.

Na mdomo wake, eeh! Mdomo ulipenda chapati zilizoogelea kwenye samli. Ulipenda uji wenye sukari mpaka kijiko kinasimama chenyewe, na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi kama mvua ya mawe. Juu ya hayo yote, ulipenda kaimati za Fisi, vile vidonge vya unga vilivyokaangwa na kuchovywa kwenye shira nzito. Fisi alikuwa na genge lake njia panda.

"Karibu mteja wangu!" Fisi aliita kila asubuhi. "Sinia moja au mawili?"

"Anza na mawili," Kifaru alijibu, nyafu! nyafu! nyafu!

Miaka ikapita. Tumbo la Kifaru likashuka mpaka likaanza kufagia majani. Miguu ikavimba. Akienda kisimani na kurudi, alihema kana kwamba amebeba kisima chenyewe: hehe! hehe! hehe! Watu wakaacha kumwita mti ukianguka. Walimwonea huruma, nao waliuzunguka mti ule wakapita.

Wakati huohuo, habari njema zikaja kutoka ng'ambo ya mlima. Tunu, binti pekee wa Kifaru, aliyeolewa upande wa pili, amejifungua mtoto wa kiume.

Kifaru alifurahi mpaka akakalia kuku. Lakini furaha haikukaa. Katika ukoo wao, mjukuu wa kwanza hupewa jina na babu mzaa mama, na jina halitumwi kwa mjumbe. Babu huenda mwenyewe, akaweka pua yake kwenye pua ya mtoto na kulitamka. Na mtoto asiye na jina havushwi mlima.

Kifaru akaondoka siku hiyohiyo na zawadi zake. Hakufika mbali. Kwenye mwinuko wa kwanza tu miguu ilikataa, kifua kikabana, akaketi chini, puu! Walimsaidia kurudi nyumbani wakimsukuma, huku yeye ameinamisha kichwa.

Huko ng'ambo, mtoto akawa anaitwa "Wewe." "Wewe, njoo unyonye. Wewe, toka kwenye tope." Na wakwe wakatuma salamu kwa adabu lakini wazi: tutasubiri mpaka mvua za vuli. Baada ya hapo tutampa jina sisi.

Bi Kifaru akamleta mganga. Mganga alikuwa Korongo, mrefu, mwenye mdomo mrefu zaidi. Akagonga kifua cha Kifaru, ko! ko! ko! akasikiliza.

"Mzee," akasema, "moyo wako unagonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Samli, sukari, chumvi. Punguza. Na utembee. Usipofanya hivyo, usijali habari ya mlima. Hata mvua za vuli hutaziona."

Bi Kifaru akashika mdomo. Kifaru akakohoa.

"Nipunguze lini?"

"Anza leo."

"Naanza leo na namaliza leo!" Kifaru akanguruma. Akaingia jikoni, akatoa mtungi wa samli, akaumwaga. Akamwaga sukari. Akamwaga chumvi. Akapiga pembe kikaango mpaka kikatoboka. "Kuanzia sasa mimi ni wa majani tu! Majani na maji!"

"Nilisema punguza," Korongo akanong'ona, lakini nani alimsikia?

Asubuhi ya kwanza Kifaru alikula majani akiimba. Mchana aliacha kuimba. Jioni kichwa kilimuuma, akamfokea mkewe, akaukanyaga uzio wa Nyati, na akamtukana Twiga ambaye kumbe kweli alikuwa mti. Kesho yake pua ilinyanyuka yenyewe kuelekea njia panda. Kifaru akaifuata. Alikula kaimati za Fisi zote, akalamba na sinia.

Akajuta. Akaapa upya. Akaacha vyote tena, kwa kishindo kilekile, na akarudi kwenye sinia kwa kishindo kilekile. Mara ya mwisho alirudi nyumbani akalala chini akageukia ukuta.

"Mke wangu, nimeshindwa. Usiniletee tena neno majani katika nyumba hii. Kama ni kufa, nife nimeshiba."

Bi Kifaru akaenda kisimani kuchota maji, na kule kisimani akalia. Pimbi alikuwa pale na kibuyu chake.

"Dada, nini?"

Bi Kifaru akamweleza yote. Pimbi akasikiliza, hakuingilia. Kisha akafunga kibuyu chake.

"Shemeji ana nguvu," akasema, "na hilo ndilo linalomsumbua. Anadhani kila kitu ni jiwe la kubingirisha kwa mara moja. Niachie jiko lako."

"Pimbi, akijua atakukanyaga. Wewe ni wa kukanyagwa mara moja tu!"

"Watoto wangu wanacheza nyumbani sasa hivi, nasikia kelele zao kila siku. Nikikumbuka nani aliwatoa pangoni, naona kukanyagwa ni kitu kidogo. Ila nitajitahidi nisikanyagwe."

Asubuhi yake Pimbi akabisha hodi kwa Kifaru, mgongoni amejitwisha kikaango kipya na mwiko mrefu kuliko yeye.

"Shemeji! Nasikia wanakusumbua na majani."

"Usilitaje!"

"Silitaji. Mimi nimekuja kukupikia. Chapati, uji, mihogo, vitu vyote unavyopenda. Sitakukataza kitu hata kimoja."

Kifaru akainua kichwa kutoka ukutani. "Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Nina masharti mawili madogo kama mimi. Jikoni kwangu haingii mtu. Na kwa kuwa mimi ni mpishi, pa kulia nachagua mimi."

"Chagua hata juu ya mti," Kifaru akasema, mate yakimdondoka. "Lete chapati."

Na siku ile Pimbi alipika kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Samli tele, sukari tele, chumvi tele. Bi Kifaru akamvuta pembeni. "Unafanya nini, wewe? Hii si ndiyo inayomuua?"

"Leo ale aniamini," Pimbi akasema. "Kesho naanza."

Kesho akaondoa kijiko kimoja cha sukari kwenye uji. Kimoja tu. Kifaru akanywa, akajilamba. Baada ya siku kadhaa akaondoa kingine, akatia iliki iliyotwangwa. Kifaru akanusa, fuu! fuu!

"Shemeji, uji wa leo unanukia!"

"Ni mapenzi tu," Pimbi akajibu.

Kikaondoka kijiko kingine, ikaingia ndizi mbivu iliyopondwa. Na chumvi nayo ikawa inapungua punje kwa punje, ndimu ikichukua nafasi yake.

Wanangu, msidhani Pimbi alifanya kila kitu sawasawa. Alipoona mambo yanakwenda vizuri, kiburi kikamwingia. Siku moja akachanganya unga mweupe nusu na wimbi nusu. Chapati zikatoka nyeusi, nzito. Kifaru macho hayakuona, lakini pua!

"Fuu! Hii nini?" Akaisukuma sahani. "Inanuka ghala. Shemeji, unanichezea?"

Pimbi akahisi masikio yanapoa. "Aa, shemeji! Kikaango kimeungua. Ngoja nikupikie nyingine."

Akarudi jikoni, akapika chapati nyeupe kabisa. Na tangu siku hiyo alichanganya wimbi kiganja kimoja, halafu, ulimi ukishazoea, kiganja kingine. Kiganja cha Pimbi, mnakijua kilivyo. Ulimi wa Kifaru haukushtuka tena.

Mchicha nao ukaingia. Kwanza aliukatakata mpaka ukawa kama vumbi, akauita kiungo. Kisha vipande vikakua kidogo. Kisha ukakaa pembeni ya chapati wenyewe, umeungwa na nyanya na karanga.

"Hiki kiungo chako ni kitamu," Kifaru akasema akitafuna. "Kwa nini watu hawali kiungo peke yake?"

"Watu hawajui kula, shemeji," Pimbi akasema, akatazama kando asicheke.

Lakini wingi wa chakula? Kifaru alizoea kumeza kabla hajatafuna. Hapo Pimbi alitumia ulimi wake mwenyewe. Akimwekea sahani, alikaa mbele yake na kuanza, "Umesikia yaliyompata Nyani sokoni?"

"Yapi?" Kifaru akauliza, chapati imesimama mdomoni.

"Alikwenda kununua kofia. Muuza kofia akamwambia... tafuna kwanza, shemeji, nitakwambia."

Kifaru alitafuna. Pimbi alisimulia. Kifaru alicheka, akatafuna, akauliza, akatafuna. Hadithi ilipoisha, tumbo lilikuwa limeshatoa habari kwamba limejaa, na nusu ya sahani ilikuwa bado imejaa.

"Ajabu," alisema Kifaru. "Leo nimeshiba mapema."

Sasa lilibaki lile la kutembea. Asubuhi moja Pimbi akapiga kelele, "Siafu! Siafu wameingia jikoni!" Akahamisha mafiga, akayapeleka nyuma ya nyumba, mlima unapoanza.

"Pa kulia nachagua mimi, tulikubaliana," akamkumbusha Kifaru.

"Sawa, sawa." Kifaru akafuata harufu ya iliki, hehe, hehe, akala.

Jua likawa kali, Pimbi akasema jiko linahitaji kivuli, akalisogeza mpaka kwenye mgunga. Upepo ukavuma, akasema moshi unaingia machoni mwa Bi Kifaru, akalisogeza mpaka kwenye mwinuko uliomkalisha Kifaru chini siku ile. Mara kuni nzuri ziko juu kidogo. Mara maji ya kijito ni matamu zaidi kule. Mara siafu tena! Siafu wa Mlima Mawemawe walisingiziwa mengi mwaka ule.

Na Kifaru, ambaye macho yake hayakuona mlima wala bonde, alinyanyua pua kila mlo na kuifuata. Alipohema alisimama, akapumzika, akaendelea. Siku zikaenda, hehe! hehe! ikawa hehe, na hehe ikawa pumzi ya kawaida. Uvimbe wa miguu ukashuka. Tumbo likaacha kufagia majani. Bi Kifaru akaona mumewe anainuka asubuhi bila kusaidiwa, akaenda nyuma ya nyumba akapiga magoti, akashukuru kimyakimya.

Njia panda, mambo yalikuwa mengine. Fisi alikaa na masinia yake, kaimati zikikauka. Alikuwa anazila mwenyewe zisiharibike.

"Mteja wangu yuko wapi?" akajiuliza. "Haumwi, maana nasikia anacheka huko mlimani. Hanunui. Kuna mtu ananiharibia kazi!"

Akanyata nyuma ya vichaka mpaka jikoni kwa Pimbi. Wakati huo jiko lilikuwa limefika juu sana, kilele kikionekana. Fisi akachungulia. Akaona wimbi. Akaona mchicha. Akaona Pimbi akipaka kikaango samli kwa kitambaa, tone moja tu.

"Aha!"

Kifaru alipofika kula, Nyani na Nyati walikuwa naye, kwa kuwa siku hizi chakula cha Pimbi kilivuta wageni. Fisi akajitokeza katikati yao.

"Mzee Kifaru! Mheshimiwa! Unachezewa nyumbani kwako mwenyewe!"

"Nani huyo?"

"Ni mimi Fisi, rafiki yako wa kweli. Unajua unakula nini? Wimbi! Samli hakuna! Sukari hakuna! Na hicho unachoambiwa kiungo ni mchicha. Majani, mzee! Umelishwa majani miezi yote hii, na kijiji kizima kinakucheka!"

Nyani akaacha kutafuna. Kifaru akainamisha pua sahanini, akanusa taratibu, safari hii akitafuta. Fuuuu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini. "Ni kweli?"

Pimbi angeweza kuongopa. Ulimi wake ulikuwa tayari. Lakini alimtazama Kifaru usoni, akaona mzee yule ameumia, akashindwa.

"Ni kweli, shemeji."

"Majani?"

"Majani."

"Nilisema lile neno lisiingie nyumbani kwangu! Mimi, Kifaru, nizungushwe kama mtoto mchanga, tena na kitu kidogo kama wewe!" Akapiga ardhi kwa mguu, tii! Akashusha pembe.

Pimbi hakusubiri. Fyuu! Akaruka mafiga, akakimbilia juu. Kifaru nyuma yake, puu! puu! puu! puu! mawe yakiruka kulia na kushoto. Fisi naye akafuata aone mwisho wake, akipiga kelele, "Mkanyage! Mkanyage!" Nyani na Nyati wakabaki wameshika vichwa.

Pimbi alipita juu ya jabali, Kifaru akalizunguka. Pimbi alipita chini ya mti wa miiba, Kifaru akauvunja. Mlima ukasimama wima, Pimbi akaupanda, Kifaru naye akaupanda. Mpaka kileleni. Hapo Pimbi akaingia kwenye ufa wa jiwe, akajibana kabisa.

"Toka!" Kifaru akanguruma.

"Nitatoka. Lakini kwanza nikuulize, shemeji. Umekimbia kutoka wapi?"

"Kutoka jikoni kwako, mwongo wewe!"

"Na unapumua vipi?"

"Napumua kwa pua, kama watu wote!" Kifaru akafoka. Kisha akasikiliza kifua chake. Moyo ulikuwa unakwenda kasi, lakini haukugonga tena kama mtu aliyefungiwa ndani. Ulikwenda tu, kama moyo wa mtu aliyekimbia na atakayekimbia tena.

Kutoka chini ikasikika sauti, "Hehe! Hehe! Ngojeni... hehe! Mbavu zangu!"

"Nani huyo anahema vile?" Kifaru akauliza.

"Ni Fisi, shemeji. Amekaa chini katikati ya mlima."

"Maskini. Anakula nini?"

"Kaimati."

Kifaru akanusa chakula kilichobaki mdomoni mwake, wimbi, karanga, mchicha. Akafikiri kwa muda mrefu, kwa sababu kufikiri kwake kulikuwa na mwendo wake.

"Hapa ni wapi?" akauliza mwishowe.

"Geukia upande wa pili, shemeji. Sikuambii mimi. Iache pua ikuambie."

Kifaru akageuka. Upepo ukavuma kutoka ng'ambo. Fuu. Akanusa majivu ya jiko asilolijua. Fuu. Akanusa tope la kijito, na mafuta ya nyonyo aliyokuwa akijipaka binti yake tangu utotoni. Fuuuu. Na ndani ya harufu hizo zote kulikuwa na harufu ndogo ya maziwa na vumbi, ambayo hakuwahi kuinusa maishani mwake, lakini aliijua.

Akapiga hatua moja mbele.

"Ni mtoto," akasema.

"Ni mtoto," Pimbi akaitikia kutoka kwenye ufa.

"Mvua za vuli..."

"Bado. Mawingu ndiyo kwanza yanakusanyika. Ukishuka sasa utawahi."

Machozi yakamshuka Kifaru kwenye mikunjo ya uso. Pimbi akatoka kwenye ufa, akasimama mbele ya pua yake kubwa. Hakukimbia tena.

"Shemeji, nisamehe nilivyokuficha," akasema. "Ningekuambia unakwenda mlimani, ungeupanda kwa siku moja na ungefia njiani. Ndiyo maana nikakupeleka kula."

"Nimekasirika," Kifaru akasema. "Bado nimekasirika kidogo. Lakini panda mgongoni, usije ukachoka. Tunashuka."

Wakati Bi Kifaru anafika kileleni akitweta na zawadi zake kichwani, kwa kuwa Nyani alikuwa amemkimbilia na habari, aliwaona wale wawili wameshafika chini upande wa pili. Akaweka mikono mdomoni, akapiga vigelegele mpaka vikajibiwa na mawe.

Tunu alikuwa uani anapepeta nafaka. Akasikia puu! puu! puu! Ungo ukamwanguka.

"Baba?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Baba, umekuja na nani? Umebebwa na nani?"

"Sikubebwa. Nimekuja na miguu yangu. Nimekuja nikila." Akacheka mwenyewe, kicheko kikavunjika katikati. "Yuko wapi?"

Mtoto alikuwa nyuma ya mama yake, mnene, ametapakaa tope, anamchungulia yule mkubwa asiyemjua. Wakwe wakatoka ndani mmoja mmoja, wakasimama kwa heshima. Bi Kifaru akafika, akashika mkono wa binti yake. Kifaru akapiga magoti. Zamani asingeweza kupiga magoti bila kuinuliwa. Akaweka pua yake kubwa kwenye pua ndogo.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimechelewa. Jina lako ni Pimbi."

Wakwe wakatazamana. Mmoja akakohoa. Pimbi mwenyewe, aliyekuwa bado mgongoni, nusura aanguke.

"Shemeji! Hapana! Mtoto mkubwa hivi! Mtoto wa kifaru aitwe Pimbi? Watamcheka!"

"Watacheka mwanzoni," Kifaru akasema, "baadaye watazoea. Mimi mwenyewe si nilizoeshwa mchicha?"

Hapo hata wakwe walicheka. Na Tunu akamshika Pimbi mdogo wa mlimani kwa mikono miwili, akamshusha kutoka mgongoni kwa baba yake, akamwambia, "Mama mdogo, sijui nikushukuru vipi."

"Nipe maji ya kunywa," Pimbi akasema. "Nimekimbia kweli leo."

Walikaa uani mpaka matone ya kwanza ya vuli yalipoanza kugonga majani. Kifaru hakuingia ndani. Alibaki pale nje, mvua ikimwagika mgongoni, mtoto akizunguka miguuni mwake, naye kila baada ya muda akiita, "Pimbi!" Wakiitika wote wawili, wa ndani na wa nje, alicheka mpaka pembe ikatikisika.

Na nyinyi wanangu, anayetaka kubadili sahani yake asiipindue kwa siku moja. Aibadili kijiko kwa kijiko, na amshukuru anayemshikia kijiko hicho.